Mzee Palmer, muuza duka aliyedai karibu magonjwa yote yanatoka mgongoni

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Nataka niwasimulie habari za mzee mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 100 iliyopita, lakini mpaka leo mikono yake bado inashika migongo ya watu. Na siyo watu wazima tu. Inashika mpaka watoto wa wiki mbili.

Kama wewe ni mtu wa kuzunguka mtandaoni, utakuwa umekutana na zile video. Jamaa kavaa nadhifu, mteja kalala kwenye kitanda chembamba, jamaa anamkamata kichwa, anamzungusha shingo, kaa! Mifupa inalia, mteja anatabasamu kama kazaliwa upya. Kazi hiyo inaitwa kairopraktiki. Sasa kuna video nyingine ambazo mimi binafsi zinanitoa jasho: kwenye kile kitanda amelazwa mtoto mchanga. Wazazi wamemleta kwa sababu analia usiku kucha, tumbo linamsokota, na wameambiwa kwamba dawa ni kumnyoosha uti wa mgongo.

Nikajiuliza, hivi wazo hili alilianzisha nani? Na alikuwa na ushahidi gani? Nikaanza kusoma. Jamaa mwenyewe anaitwa Daniel David Palmer, wengi wanamfupisha D.D. Maisha yake ni filamu kabisa. Vuta kiti.

ALIKOTOKA

Palmer alizaliwa tarehe 7 Machi 1845, huko Ontario nchini Canada, si mbali na mji wa Toronto. Mwaka 1865, akiwa kijana wa miaka 20, yeye na mdogo wake walivuka mpaka kuingia Marekani kutafuta maisha. Ulikuwa ni mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipomalizika. Nchi imechoka, watu wamekufa kwa mamia ya maelfu, na kila kijana mwenye nguvu anatafuta pa kuanzia.

Ndugu zangu mnaobadilisha kazi kila mwaka msijione wakosefu. Palmer alianza na ualimu wa shule za vijijini katika majimbo ya Iowa na Illinois. Kisha akanunua shamba karibu na mji mdogo wa New Boston, Illinois, akafuga nyuki na kuuza miche ya matunda. Baada ya miaka kama kumi akaliacha shamba, akahamia mji mmoja wa Iowa unaoitwa What Cheer (ndiyo, ni jina la mji), akafungua duka la vyakula. Hapo ndipo alipozaliwa mwanawe wa kiume, Bartlett Joshua, mwaka 1882. Huyu mtoto mshike vizuri kichwani, tutakutana naye tena, na siyo kwa wema.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mzee alioa mara sita katika maisha yake, wake wengine wakafariki na ndoa nyingine zikavunjika. Mwanawe alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba baba yao alikuwa akiwachapa vibaya sana. Kwa hiyo tusimchore malaika hapa.

DAKTARI WA SUMAKU

Mwaka 1886, akiwa na miaka 41, muuza duka akageuka mganga. Alijiita mponyaji wa sumaku. Msidhani alikuwa anatumia vile vyuma vya sumaku tunavyovijua. Imani ya hao watu ilikuwa kwamba mwili wa mtu una nguvu fulani isiyoonekana, na mponyaji mwenye nguvu nyingi anaweza kummiminia mgonjwa kwa kuweka au kupitisha mikono yake. Wazo hilo lilikuwa limetoka kwa daktari mmoja aliyeitwa Franz Anton Mesmer, aliyeutikisa mji wa Paris zaidi ya miaka 100 kabla.

Hapa naomba nitoke nje ya barabara kidogo, maana jambo hili litatusaidia mbele. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, aliunda tume ya kumchunguza Mesmer. Ndani yake walikuwemo Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa umeme, na mwanakemia Lavoisier. Walichofanya ni kitu rahisi mno. Waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawa wanawaambia kuwa sasa wanapewa nguvu ya sumaku wakati hawapewi kitu, au wanawapa bila kuwaambia. Matokeo? Wale walioamini kuwa wanapewa walitetemeka na kuanguka hata kama hakuna kitu. Wale waliopewa bila kujua hawakuhisi lolote. Kumbe kilichofanya kazi ni imani ya mtu mwenyewe. Kumbuka hicho kitambaa cha machoni. Kitarudi.

Pamoja na hayo, miaka 100 baadaye biashara ya sumaku ilikuwa bado inalipa vizuri huko Marekani. Mwaka 1887 Palmer alihamia Davenport, mji ulio kando ya mto Mississippi katika jimbo la Iowa, akapanga vyumba ghorofani katikati ya mji. Wateja wakaja. Mwaka 1894 gazeti moja la pale mjini lilimdhihaki na kumwita mtu aliyepotoka akili, lakini foleni haikupungua.

Msicheke haraka lakini. Jiwekeni kwenye viatu vya mgonjwa wa wakati ule. Antibayotiki hazikuwepo. Madaktari wengi wenye vyeti walikuwa bado wanawapa watu dawa zenye zebaki, ambayo ni sumu. Na mama aliyekuwa na mtoto mchanga analia kwa msokoto wa tumbo alikuwa anakwenda dukani kununua chupa ya dawa ya maji tamu iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Iliuzwa tangu mwaka 1849. Mtoto akinywa, kimya. Analala usingizi mzito. Siri yake ilikuwa nini? Mofini! Ndiyo, ndugu msomaji, mofini ile ile ya kutuliza maumivu makali, itokanayo na kasumba, walikuwa wanapewa watoto wachanga. Wako waliolala wasiamke. Ni sheria ya mwaka 1906 iliyowalazimisha watengenezaji kuandika kwenye chupa kwamba ndani yake kuna mofini, na mwaka 1911 chama cha madaktari wa Marekani kikaitaja dawa hiyo miongoni mwa zinazoua watoto.

Sasa linganisha. Huku daktari na zebaki, kule duka na mofini, na pale ghorofani mzee mwenye ndevu anayekuwekea mikono tu bila dawa yoyote. Wewe ungekwenda wapi? Mimi, kwa kweli, huenda ningepanda ngazi.

SIKU YA HARVEY LILLARD

Tarehe ambayo wafuasi wake wanaisherehekea ni 18 Septemba 1895. Ndani ya jengo lile alikuwemo mtu mmoja mweusi aliyefanya kazi ya usafi na utunzaji wa jengo, jina lake Harvey Lillard. Alikuwa kiziwi au karibu na kiziwi kwa miaka 17. Kwa maelezo ya Palmer, alimuuliza yule bwana tatizo lilianzaje, naye akamweleza kwamba siku moja alikuwa ameinama vibaya akifanya kazi, akasikia kitu kimefyatuka mgongoni, na tangu hapo masikio yakaziba. Palmer akampapasa mgongo, akaona kuna pingili moja imejitokeza. Akamlaza, akaisukuma kwa mkono mpaka ikarudi mahali pake. Lillard akaanza kusikia magurudumu ya mikokoteni kule barabarani.

Hadithi tamu. Tatizo ni kwamba ina matobo. Binti yake Lillard aliisimulia tofauti. Kwa maelezo yake, baba yake alikuwa anapiga soga na mtu pale jengoni, Palmer akapita akasikia kichekesho, akacheka na kumpiga Lillard kofi la kirafiki mgongoni kwa kitabu alichokuwa nacho. Siku chache baadaye Lillard akasema anaona anasikia vizuri zaidi, na ndipo Palmer akaanza kulifanyia kazi wazo hilo.

Halafu kuna suala la maumbile. Mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kutoka sikioni kwenda kwenye ubongo haupiti mgongoni hata kidogo. Unatoka sikio la ndani na kuingia kwenye ubongo, wote umo ndani ya fuvu la kichwa. Hakuna pingili ya mgongo inayoweza kuubana. Kama Lillard kweli alipona, hakuponea njia ile aliyoieleza Palmer.

Lakini mzee hakuwa na muda wa kusubiri. Baada ya Lillard alidai kuwa alimtibu mgonjwa wa moyo kwa namna hiyo hiyo. Akajiuliza, kama magonjwa mawili yasiyofanana yametokana na pingili zilizohama, basi mengine je? Akatoa jibu mwenyewe: asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na pingili za uti wa mgongo zilizosogea na kubana mishipa ya fahamu, na asilimia 5 zilizobaki zinatokana na viungo vingine vilivyosogea. Aliamini kwamba ndani ya kila mtu kuna akili ya kuzaliwa nayo inayoendesha mwili kupitia mishipa hiyo. Fungua njia, mwili utajiponya.

Wagonjwa wawili! Kutoka kwa watu wawili mpaka asilimia 95 ya magonjwa ya binadamu wote. Na ikumbukwe, hii ilikuwa mwaka 1895. Robert Koch alikuwa ameshakionyesha kijidudu cha kifua kikuu tangu mwaka 1882. Pasteur alikuwa ameshatoa chanjo ya kichaa cha mbwa mwaka 1885. Palmer yote hayo hakuyataka. Chanjo aliipinga waziwazi.

Jina la tiba alipewa na mchungaji mmoja aliyekuwa mgonjwa wake, Samuel Weed, aliyejua Kigiriki. Akaunganisha neno la mkono na neno la kutenda, ikawa kairopraktiki, yaani kazi itendwayo kwa mkono. Wengine walisema mzee kaiba, kwa sababu katika jimbo la jirani la Missouri daktari Andrew Taylor Still alikuwa ameshafungua shule ya tiba ya kushika mifupa mwaka 1892, na kuunga na kunyoosha mifupa ni kazi ya kale ulimwenguni kote. Palmer aliwakatalia hao wote. Alichodai ni chake ni kutumia zile ncha za pingili kama wenzo wa kuzirudisha mahali pake.

BABA NA MWANA

Mwaka 1897 akaanzisha shule hapo Davenport. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka 1902 akahitimu mwanawe, Bartlett Joshua, ambaye wote wanamwita B.J. Mwaka huo huo mzee akaondoka kuelekea magharibi mwa Marekani, akamwachia kijana wa miaka 20 shule yenye madeni. B.J. hakuwa mtu wa kulala. Alikuwa na kipaji cha biashara ambacho baba hakuwa nacho. Mzee aliporudi, akakuta shule ina mwenyewe.

Wakati huo huo serikali ikawa inawabana. Palmer alishitakiwa kwa kutibu watu bila leseni ya udaktari. Mwaka 1906 mahakama ikamtia hatiani: alipe faini ya dola 350 au akae jela siku 105. Mzee akagoma kulipa. Alichagua jela, na huko ndani akawa anajiona shujaa anayeteseka kwa ajili ya ukweli. Baada ya siku 23 akalipa, akatoka. Alipotoka akakuta mambo yamebadilika zaidi. Katika mwaka huo baba na mwana waligombana mpaka wakafika mahali pa kugawana mali, na mzee akamuuzia B.J. sehemu yake ya shule. Akaenda zake Oklahoma na kufungua duka la vyakula, kama alivyokuwa miaka 20 nyuma. Inauma. Mtu umeanzisha kitu, halafu unarudi kupima sukari na unga.

Alijaribu kuanzisha shule nyingine Oklahoma na Portland, katika jimbo la Oregon, lakini hazikushika kama ile ya Davenport. Mwaka 1910 akatoa kitabu kinene cha kurasa karibu 1,000, na sehemu kubwa ya kurasa hizo ni za kuwasahihisha na kuwashambulia wengine waliofundisha kairopraktiki, mwanawe akiwemo. Mwaka 1911 aliandika barua akitaka kairopraktiki ifanywe dini, ili isibanwe na sheria za leseni. Humo alijifananisha na waanzilishi wa dini, akiwataja Yesu, Muhammad na Martin Luther. Naona mmeguna. Hata mimi niliguna.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Agosti 1913 kulikuwa na maandamano ya sherehe ya shule ya B.J. pale Davenport. Mzee alikuja, akataka atembee mbele kama mwanzilishi. Mwana hakutaka. Baadaye mzee alidai kwamba B.J. alimgonga na gari. B.J. alikana kabisa, na hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani. Tarehe 20 Oktoba 1913 Daniel David Palmer alifariki mjini Los Angeles, akiwa na miaka 68. Cheti kiliandika homa ya matumbo, yaani taifodi. Ugonjwa wa bakteria. Sikuandika hili kumcheka marehemu. Nimeliandika kwa sababu hakuna pingili duniani inayoleta taifodi, na huyo ndiye mtu aliyesema magonjwa yanatoka kwenye mifupa.

Mwaka huo huo aliofariki, jimbo la Kansas likawa la kwanza kupitisha sheria ya kuwapa leseni watu wa kairopraktiki. Mwaka 1974 Louisiana ikawa jimbo la mwisho. B.J. aliiendeleza shule mpaka kifo chake mwaka 1961. Mwaka 1922 alinunua kituo cha redio, WOC, na miaka kumi baadaye kituo hicho kikamwajiri kijana mmoja mtangazaji wa michezo aliyeitwa Ronald Reagan. Naam, ndiye yule aliyekuja kuwa rais.

MPAKA KWA MTOTO MCHANGA

Sasa turudi kwa mtoto anayelia. Ukishakubali kwamba karibu kila ugonjwa unatoka mgongoni, hatua inayofuata ni nyepesi: mtoto mchanga naye ana mgongo, kwa hiyo kulia kwake nako kunatoka mgongoni. Ndivyo wazo la mzee wa mwaka 1895 lilivyofika kwenye kitanda cha mtoto wa wiki mbili.

Kwanza tujue huko kulia ni nini. Tangu mwaka 1954 madaktari wamekuwa wakitumia kipimo cha tatu tatu: mtoto mzima wa afya anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa wiki 3. Kilio hicho kwa kawaida hupanda mpaka kilele kwenye wiki ya sita hivi, kisha kinashuka chenyewe. Wengi wakifika miezi mitatu au minne kinakwisha. Kinakwisha hata usipofanya kitu! Hapo ndipo penye mtego. Ukimpeleka kwa yeyote yule kwenye wiki ya saba, awe mnyoosha mgongo au mwuza mafuta, wiki ya nane atakuwa na nafuu, na wewe utaapa kwamba ni yule mtu aliyemponya.

Ndiyo maana nilisema mkumbuke kitambaa cha machoni. Mwaka 1999 watafiti wa Denmark walilinganisha watoto walionyooshwa migongo na watoto waliopewa dawa ya matone ya kuondoa gesi. Walionyooshwa walionekana kulia kidogo zaidi. Shangwe. Lakini wazazi walijua mtoto wao kapata nini, na ni wazazi hao hao waliokuwa wanaandika amelia saa ngapi. Mwaka 2001 Wanorway wakafunga kitambaa. Watoto 86, muuguzi anamchukua mtoto anaingia naye chumbani, mzazi anabaki nje. Wengine walinyooshwa, wengine walishikwa tu na muuguzi kwa dakika kumi. Waliopata nafuu kati ya walionyooshwa walikuwa karibu asilimia 70. Na kati ya wale walioshikwa tu? Asilimia 60. Tofauti ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu.

Mwaka 2012 watafiti wa Cochrane walikusanya tafiti sita zenye watoto 325. Wakaona picha ile ile: kwa jumla kilio kilionekana kupungua, lakini ukizitazama zile tu ambazo wazazi hawakujua mtoto yuko kundi gani, faida haikuonekana wazi. Mwaka 2021 Wadenmark wakarudia kwa umakini zaidi, watoto 185, wazazi hawajui. Walionyooshwa kilio kilipungua saa moja na nusu kwa siku, wengine saa moja. Nusu saa ya tofauti, nayo haikutosha kusema kwa uhakika kwamba ni tiba. Franklin na wenzake wangetabasamu.

Kuna atakayesema, basi si haina madhara, waache wajaribu. Hapana, tusiende haraka. Mwaka 2007 watafiti walikusanya taarifa za watoto walioumia baada ya kushikwa migongo. Yalikuwa matukio machache, lakini mengine mazito, mpaka kuvuja damu kichwani na kupooza. Na kulikuwa na kundi jingine linaloumiza zaidi: watoto waliokuwa na kisukari, saratani au homa ya uti wa mgongo, wakacheleweshwa kwa sababu walikuwa wanapelekwa kunyooshwa. Nchini Australia, mwaka 2019, baada ya video ya mtoto wa wiki mbili kusambaa, bodi ya taaluma hiyo yenyewe iliwaambia wanachama wasishughulikie migongo ya watoto chini ya miaka miwili hivyo. Mwaka 2023 bodi ikalegeza, mwaka 2024 katazo likarudishwa baada ya mawaziri wa afya kupiga kelele.

Na sisi watu wa mtandao tuna sehemu yetu kwenye hadithi hii. Aprili 2008 mwandishi wa sayansi wa Uingereza, Simon Singh, aliandika kwenye gazeti la The Guardian kwamba chama cha kairopraktiki cha Uingereza kinatangaza tiba ya kilio cha watoto, pumu na masikio bila ushahidi. Chama hakikulishitaki gazeti, kilimshitaki yeye binafsi. Angeshindwa, pesa ingemmaliza. Mwaka 2009 chama kikatoa orodha ya tafiti zake, na wanablogu wa kawaida kabisa wakazipitia moja moja na kuonyesha jinsi zilivyo dhaifu. Mamia ya malalamiko yakapelekwa dhidi ya matangazo ya wanachama wake. Aprili 2010 mahakama ya rufaa ikatoa uamuzi uliompa Singh nguvu, chama kikafuta kesi. Kesi hiyo ilisaidia kusukuma sheria mpya ya kashfa ya mwaka 2013 kule England na Wales. Watu wenye kibodi tu, wadau.

Tumtendee haki mzee. Kwa mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno, kushikwa mgongo na mtaalamu kunaweza kumpa nafuu kiasi, kama zinavyofanya mazoezi na tiba nyingine. Na alikuwa sahihi kuchukia zebaki na mofini. Kosa lake ni kwamba alipata jibu dogo akaligeuza kuwa jibu la kila kitu, na hakukubali kupimwa.

Kwa hiyo wewe kijana uliyepata mtoto juzi, uko hapo kafe na macho mekundu kwa kukosa usingizi, nakuambia hivi. Kama mtoto ana homa, anatapika vitu vya kijani, kinyesi kina damu, hataki kunyonya, au utosi umevimba, usisome blogu, mkimbize hospitali sasa hivi. Kama yuko sawa, ananyonya na anaongezeka uzito, ila analia tu, mbebe, mtembeze, pokezaneni na mwenzio au bibi yake. Ukizidiwa na hasira, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika tano, vuta pumzi. Usimtikise kamwe, kumtikisa mtoto kunaua. Na kilio hicho, amini usiamini, kina mwisho.

Nafasi ya maoni iko hapo chini. Kama kuna aliyewahi kumpeleka mtoto kunyooshwa mgongo, au bibi alimkanda akanyamaza, tusimulie. Ila kabla hujaapa kwamba ndiyo iliyomponya, tuambie kwanza mtoto alikuwa na wiki ngapi.